Kona ya Ilunda

Kabla Dar es Salaam na Mwanza hazijawa vyumba viwili vya nyumba moja, watu walikuwa wakisafiri kwelikweli. Eliwaza Msengi alilikumbuka hilo kila asubuhi alipopanda ngazi za ofisini kwake, maana ngazi zile zilipita kando ya kibaraza cha kupungia wasafiri, pale uwanja wa ndege wa Dar. Siku hizi kibaraza kimejaa mashine za kupoza hewa. Zamani ukoo mzima ulifika pale kumsindikiza mtu mmoja: shangazi na khanga zake mpya, wajomba ndani ya suti za harusi, watoto wamebebwa mabegani ili waone. Walipunga mikono mpaka ndege ikawa nukta na nukta ikapotea, na bado alibaki mama mmoja akipunga peke yake. Mtu alikuwa ameondoka, bwana. Sasa mtu anakwenda Mwanza kununua sato na kurudi kabla wali haujaiva. Nani ajisumbue kumpungia?

Eliwaza alikuwa afisa mpanga safari, wa mwisho kati ya walioajiriwa enzi za rula na penseli. Mitambo ilifanya karibu kila kitu, ila ilikuwapo sheria moja kongwe ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta. Kila karatasi ya safari lazima iwe na mistari mitatu iliyoandikwa kwa mkono wa mpangaji: umbali, muda, na sababu ya muda. Chini yake mpangaji anatia saini na rubani anatia yake. Bila saini hizo ndege haigeuzi gurudumu. Na ikiandikwa sababu mpya, njia hiyo inabaki na muda huo mpya mpaka bodi ya usalama ikae na kuisoma.

Zamani mstari wa tatu ulikuwa na mambo: upepo wa mbele, mawingu ya Dodoma, tumezunguka mvua ya Morogoro. Kwa miaka mitano sasa Eliwaza aliandika neno moja tu, mara sita kwa siku. Umbali, kilomita mia nane na sitini. Muda, dakika sita. Sababu, Mkunjo.

Mkunjo ulikuwa mtambo uliozikwa chini ya viwanja vyote viwili. Ndege ikishapaa, mitambo hiyo inaikunja njia iliyo katikati kama mtu anavyokunja shuka, pindo likakutana na pindo, na rubani anavukia hapo. Madirisha ya abiria hufungwa kwa amri, kwa kuwa nje hakuna cha kuona ila weupe. Bila Mkunjo safari hiyo ilikuwa ya saa moja na dakika kumi na tisa. Ilikuwa na chai, na pakiti ya korosho, na mtu wa kiti cha jirani ambaye ukifika Singida umeshajua majina ya wanawe wote. Eliwaza aliipenda safari ile ndefu kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya wenzake.

Alikuwa na sababu nyingine ya kuipenda. Mstari ulionyooka kutoka Dar hadi Mwanza ni kilomita mia nane hamsini na mbili. Zile nane za ziada alizitia yeye. Miaka ishirini na nne iliyopita, akiwa msichana mgeni kazini, alipewa ramani achore njia upya. Alipofika juu ya Mkalama, mkoani Singida, aliisogeza rula kwa kidole, kidogo tu, mstari ukapinda na kupita juu ya paa la baba yake kijijini Ilunda. Safari iliongezeka dakika moja isiyotosha hata kuulizwa. Baba yake, Mzee Yona, alikuwa amemaliza ujana wake akifukuza mbuzi kwenye kiwanja cha ndege cha misheni, na sauti ya ndege kwake ilikuwa kama kengele ya kanisa. Marubani wa wakati huo wakifika kwenye kona ile waliinamisha bawa moja kumsalimia. Naye alitoka uani na shuka jeupe akapunga.

Alhamisi hiyo Injinia Kaijage, msimamizi wa Mkunjo, alipita mezani kwake na karatasi.

"Bi Eliwaza, habari njema. Kuanzia Jumatatu zitakuwa safari kumi na mbili kwa siku. Tunahitaji mkono wako tu."

"Mkono wangu haujawahi kukataa, Injinia."

"Ndiyo maana tunakupenda," alisema, akaenda zake.

Alhamisi ndiyo siku ya kumpigia baba. Kabla hajapiga, picha iliingia kwenye simu: Naumi, mtoto wa kaka yake, amesimama mlangoni kwa babu na sare ya shule. Naumi alizaliwa wiki moja na Tabitha, binti wa Eliwaza mwenyewe. Wote walikuwa na miaka tisa na nusu. Lakini yule wa kwenye picha alikuwa msichana mrefu mwenye uso uliokwisha kuacha utoto, na sare ilikuwa imembana na kumfupikia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mzima?"

"Mzima. Baba, Naumi mnamlisha nini?"

"Anakula kama sisi, mara nne." Mzee akacheka, kisha akageuza mazungumzo. "Ile saa ya ukutani uliyoninunulia nimeirudisha kwa fundi mara ya tatu. Anasema haina kosa. Lakini inakwenda mbele."

"Mbele kiasi gani?"

"Saa saba na dakika kumi na nane kwa siku, ingawa kila asubuhi naiweka sawa kwa redio. Hazizidi, hazipungui. Ile wiki ambayo ndege haziji, haikosei hata sekunde." Hapo akajikatiza, kama mtu aliyekanyaga yai. "Haya, mbuzi wametoka. Tutaongea."

Eliwaza alibaki na simu mkononi. Mpanga safari akisikia saa na dakika hawezi kuziacha zipite, ni ugonjwa wa kazi. Alivuta penseli. Dakika sabini na tisa za zamani, toa sita za Mkunjo: sabini na tatu. Mara safari sita: mia nne thelathini na nane. Akagawanya kwa sitini ili apate saa. Saba, na zikabaki dakika kumi na nane.

Alirudia hesabu mara mbili, kisha akaomba ruhusa ya ugonjwa kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

*

Ilimchukua siku nzima ya treni, basi na bodaboda kufika Ilunda. Likizo zake zote za miaka mitano alikuwa akizichukua katika ile wiki moja ya mwaka ambayo Mkunjo huzimwa kwa matengenezo, kwa kuwa siku nyingine hakupenda mtu mwingine amshikie penseli. Hakuwahi kuwa nyumbani siku ambayo ndege inapita.

Asubuhi ya Jumamosi, saa nne kasoro, aliona kijiji kizima kikijiandaa. Wanawake walijifunika vichwa na kumwagia maji matuta ya mchicha. Watoto waliitwa vivulini. Mzee Yona alitoa vigoda viwili uani, chupa ya chai na shuka jeupe. Alikuwa amezeeka. Eliwaza alikuwa amejiambia kwamba ni kufiwa na mke, kumbe ni zaidi ya hapo.

"Kaa hapa," mzee alisema. "Inakuja."

Ngurumo ilisikika kutoka mashariki, ikafika juu yao, ikakatika katikati.

Eliwaza aliinua macho. Ndege ilikuwa imesimama. Ilikuwa nyeupe, pua imeelekea Mwanza, haiendi mbele wala hairudi. Ng'ambo ya bonde, moshi wa jiko la kijiji cha jirani ulikuwa umesimama wima kama mlingoti, na kunguru mmoja alikuwa amening'inia hewani na mabawa wazi. Jua halikusogea. Lakini hapa uani kuku walikuwa wakiparura, na chai aliyomiminiwa ilikuwa ikitoa mvuke. Alitazama simu. Haikuwa na mtandao.

"Kwa muda gani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mpaka saa ipige lisaa limoja na dakika kumi na tatu. Sisi tunaita kipindi cha ndege. Hii ya asubuhi haina neno. Ya saa saba ndiyo mbaya, jua linasimama utosini, maharage yote ya mwaka jana yaliungua. Na ya jioni watu wanalimia."

Walikuwa wameshapeleka malalamiko, mzee alieleza. Mtendaji wa kata aliandika barua, ikajibiwa kwamba wananchi wanunue saa nzuri na wapunguze pombe. Mwaka juzi kijana mmoja alirudi kutoka machimbo ya Geita, akamkuta mkewe amejifungua mtoto aliyetimia, na yeye kwa hesabu yake ilikuwa haijafika hata miezi saba tangu aondoke. Kidogo amfukuze. Wazee walimkalisha uani hapa hapa siku tatu, akasimamiwa na ndege kumi na nane, ndipo akaelewa.

"Huyo mtoto akaitwa Sabini, kwa zile dakika sabini na tatu," mzee alisema akitabasamu.

Eliwaza alitaka kucheka naye, akashindwa. Alijua sasa kilichokuwa kikitokea. Dakika ambazo abiria hawazitumii hazifi. Zinateleza juu ya mstari kama maji juu ya bati, na maji hutiririkia penye mkunjiko. Mstari wote ule, kutoka Dar hadi Mwanza, ulikuwa na kona moja tu. Alikuwa ameichora yeye kwa mapenzi.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

Mzee Yona alitazama juu kabla ya kujibu. "Ungeifuta kona. Wewe nakujua. Na mimi ningekusikia wapi? Mama yako na mimi tulikuwa tukikaa hapa na kusema, ndege ya Eli hiyo, imesimama kutusalimia. Mama yako aliipenda ya saa kumi, jua lake halichomi. Tulikaa tukaongea mambo ambayo miaka arobaini ya ndoa hatukuwahi kupata nafasi ya kuyaongea."

Akasimama, akalikunjua shuka, akaanza kulipunga taratibu. "Ila abiria wa siku hizi hawana adabu. Watu zaidi ya mia mle ndani, miaka mitano napunga, hakuna hata mmoja aliyeinua mkono."

"Madirisha yamefungwa, baba," Eliwaza alisema. "Hawaoni kitu. Kwao hapa hapapo."

Mzee aliendelea kupunga kidogo, kama mkono haujapata habari. Kisha akalikunja shuka, pindo kwa pindo, akaliweka magotini.

Eliwaza alisema jambo ambalo hakuwa amekusudia kulisema. "Daktari alisema mama amebakiza miezi sita ya kuishi."

"Ndiyo."

"Nikapanga likizo mwezi wa tano. Nikahesabu nitamkuta, na bado atakuwa na mwezi mzima na zaidi. Nikakuta mnachonga jeneza."

"Aliishi miezi sita yake yote, Eli," mzee alisema kwa upole. "Hakupunjika hata siku. Alikuwa akikuuliza kila asubuhi, namwambia yuko njiani."

Hapo Eliwaza alilia, akalia kama ambavyo hakulia msibani. Alikuwa amejua hesabu zote za anga isipokuwa hiyo. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda hiki hiki, chini ya ndege iliyosimama, akiyamaliza maisha yake kwa dakika za watu waliokwenda Mwanza kununua samaki, na karatasi ya kila ndege ilikuwa na saini ya mwanawe. Baba yake hakumnyamazisha. Muda ulikuwapo wa kutosha, maana kunguru yule hakuwa amesogea hata unyoya.

Chai ilipokwisha kupoa alifuta uso. "Jumatatu zinakuwa kumi na mbili."

Mzee Yona alichezesha midomo akipiga hesabu. "Basi Naumi ataolewa kabla Tabitha hajamaliza shule ya msingi," alisema mwishowe. Na baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu asichostahili: "Lakini kona usiiondoe, mwanangu."

Juu yao ngurumo ilirudi ghafla. Ndege ikaondoka, moshi wa ng'ambo ukapinda na upepo, na kunguru akapiga bawa akaenda alikokuwa anakwenda.

*

Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi Injinia Kaijage alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na kwa hilo tu Eliwaza akajua kwamba haikuwa habari mpya kwake.

"Tulijua lazima ziangukie mahali," Kaijage alisema. "Kwenye majaribio mistari ilikuwa imenyooka, zikaangukia mwishoni, uwanjani. Mafundi walikuwa wananyoa ndevu mara mbili kwa siku. Kisha tukaona ramani yako ina kona. Tukajaribu, hakuna aliyelalamika. Kona yako ndiyo iliyoufanya Mkunjo uwezekane, Bi Eliwaza. Nilidhani siku moja utapewa nishani."

"Walilalamika. Waliambiwa wapunguze pombe."

Kaijage alivua miwani akaifuta. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimchosha Eliwaza. "Mwaka jana mtoto wa Mwanza aliyeungua moto alifikishwa hapa kwa dakika sita. Wewe mwenyewe ulishuka kumpokea. Leo yuko darasani. Utamwambia nini mama yake?"

Eliwaza alikumbuka uzito wa mtoto yule kwenye machela.

"Sikuombi uache," Kaijage aliendelea, akainamia ramani ya ukutani. "Isogeze tu. Hapa chini ya Ziwa Eyasi, kuna watu mia mbili, hawazidi. Wawindaji. Hawana hata saa ukutani. Baba yako apumzike, na sisi tuendelee."

Rula ya mninga ilikuwa mezani, ile ile ya miaka ishirini na nne. Eliwaza aliishika. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja, na alijua kidole hicho kilivyo chepesi. Angeweza kuwahi chakula cha mchana. Naumi angekua kama watoto wengine. Na mahali fulani chini ya Eyasi mwanamke asiyemjua angepanga siku za mamaye kwa hesabu iliyoharibiwa na mtu asiyemjua.

Aliirudisha rula mezani, akavuta karatasi ya safari ya saa nne, ya kwanza ya siku.

Umbali, akaandika, kilomita mia nane na sitini. Muda, saa moja na dakika kumi na tisa. Penseli ilisimama kwenye mstari wa tatu, mstari ambao kwa miaka mitano haukuwa umeandikwa kitu cha maana. Kisha akaandika: Chini kuna watu.

Kaijage aliisoma juu ya bega lake. "Kesho nitamweka mtu mwingine kwenye kiti hiki."

"Mweke. Lakini sababu mpya imeandikwa, na njia itabaki hivi mpaka bodi ikae iisome. Na wakikaa wataniita mimi, Injinia, maana ni mwandiko wangu. Nitakwenda na saa ya ukutani ya baba yangu."

"Na akija mtoto mwingine aliyeungua?"

"Nitapiga simu Ilunda niwaombe. Watakubali, nawajua. Wakishakubali nitaandika dakika sita kwa mkono huu huu. Miaka mitano hatukuwahi hata kuwaomba."

Kapteni Sudi Mbaraka aliingia akiwa tayari na kofia kwapani. Alikuwa rubani wa zamani, amebakiza miezi michache kustaafu, na siku hizi alisaini bila kusoma. Leo kalamu yake ilifika kwenye karatasi ikasita. Aliisoma, akamtazama Kaijage, akamtazama Eliwaza.

"Sababu ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, Kapteni."

"Ni juu ya Ilunda? Kwa mzee wa shuka?"

"Ni kwa mzee wa shuka."

Kapteni Sudi alisaini, taratibu, jina zima. "Basi waambie jikoni watie chai," alisema, "na madirisha yafunguliwe. Kama mitungi ile ya chai bado ipo. Na kama haipo, wakaazime mahali."

Saa nne Eliwaza alitoka nje. Alijipenyeza katikati ya mashine za kupoza hewa mpaka kwenye ukingo wa kibaraza, akasimama mahali waliposimama mashangazi. Ndege ilipaa. Haikumezwa na weupe. Ilikwenda ikipungua polepole, ikawa nukta, na nukta ikapotea, na mwanamke mmoja akabaki anapunga.

Hakurudi mezani. Alisubiri pale pale mpaka simu ilipoita.

"Eli," baba yake alisema. Alikuwa akihema, kama mtu aliyetoka uani mbio. "Imepita."

"Ndiyo, baba."

"Haikusimama. Nilikuwa nimeshatayarisha chai. Imepita tu, haraka, nikabaki na shuka mkononi." Ndani ya sauti yake Eliwaza alisikia huzuni ya mtu aliyenyang'anywa kitu alichokuwa akikipenda, akaiacha imfikie. Kisha sauti ya mzee ikabadilika. "Lakini ilipofika hapa juu iliinamisha bawa, mwanangu. Kama zile za zamani."

Eliwaza alijifuta macho kwa kiganja. "Baba, nenda kaniangalizie saa ya ukutani. Inasemaje?"

Alisikia kandambili zikiburuta sakafuni, na mlango, na mzee akikohoa chini ya saa.

"Saa nne na dakika hamsini na tatu."

Eliwaza alitazama saa ya mkononi mwake. Ilisema hivyo hivyo.